Mathari ilikuwa mbali: tiba ya akili na watu wa Garissa

Sisi watu wa Pwani tunayajua magofu. Tuna Gede, tuna Jumba la Mtwana, tuna Takwa kule Manda, na watoto wengi waliosoma huku wamewahi kupelekwa na mwalimu kuyaangalia. Uingereza, Marekani na Italia wana magofu ya namna nyingine. Ni majumba makubwa yaliyokuwa hospitali za wendawazimu, yenye kuta ndefu na madirisha ya vyuma. Mengine yamebaki na popo na nyasi, mengine yamekarabatiwa na kuuzwa kama nyumba za matajiri. Watu husafiri kwenda kuyapiga picha.

Ukitoka Garsen ukapita Hola na Bura mpaka Garissa, kisha ukaendelea hadi Wajir na Mandera, hutaona gofu la aina hiyo hata moja. Wakoloni hawakuijenga hospitali kama hiyo upande ule, na serikali iliyowarithi nayo haikuijenga. Mtu anaweza kusema alhamdulillahi, maana majumba yale yalikuwa mateso matupu. Lakini, ndugu msomaji, maradhi ya akili hayachagui kabila wala jimbo. Kama hapakuwa na hospitali, wagonjwa walikuwa wapi?

Walikuwa nyumbani. Walikuwa chumba cha nyuma, au nje chini ya mti, na wengi wao mguuni wana kamba au mnyororo. Wapo wangali hivyo hadi leo, Garissa na pia huku kwetu. Ili tufahamu kwa nini, inatubidi tuanze mbali kidogo.

Wazimu na wazee wetu

Lugha yetu yenyewe inaeleza jinsi wahenga walivyoyaona maradhi haya. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, na wazimu ni roho hizo zikiwa nyingi. Mwendawazimu basi ni mtu aliyechukuliwa, anayekwenda nazo. Ndugu zetu Wasomali humwita mtu huyo "waali", nao pia mara nyingi husema kuna jini nyuma ya jambo hilo. Kwa hiyo mlango wa kwanza kubishwa ulikuwa wa mganga au wa sheikh. Huku kwetu mgonjwa hupungwa, huandikiwa kombe, husomewa ruqya. Kwa Wasomali husomewa Qur'ani katika nyumba za tiba ziitwazo "cilaaj", neno lile lile la Kiarabu lenye maana ya matibabu.

Wako wanaodhani kwamba Waislamu hawakuwahi kuwa na tiba nyingine ya akili ila kisomo. Hilo si kweli. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akaeleza hofu, huzuni, hasira na wasiwasi kama mambo yenye tiba. Nur al-Din alijenga hospitali yake Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun alijenga ya Cairo mwaka 1284, na ndani yake palikuwa na sehemu ya wenye maradhi ya akili pamoja na sehemu za wagonjwa wengine. Hospitali hizo ziliitwa bimaristani, na ziliendeshwa kwa mali ya wakfu. Ile ya Aleppo iliyojengwa mwaka 1354, yenye nyua na chemchemi za maji, ilikuja kufanywa makumbusho.

Tusipambe kupita kiasi. Hata katika bimaristani, mgonjwa aliyekuwa mkali aliweza kufungwa minyororo. Ila wazo la msingi lilikuwa hili: mwenye maradhi ya akili ni mgonjwa, mahali pake ni hospitali, na gharama yake ni juu ya umma. Wazo hilo halikuja na meli ya Mwingereza.

Jela, kisha Mathari

Kilichokuja na Mwingereza kilikuwa kitu kingine. Serikali ya kikoloni ilipoanza kazi hapa, sheria iliyotumika kwa wenye maradhi ya akili ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya India, na shabaha yake kubwa ilikuwa kumwondoa mgonjwa barabarani. Mtu akionekana ana fujo, polisi humkamata, hakimu humwandikia cheti, naye hufungiwa. Pahali pa kumfungia palikuwa jela.

Mwaka 1910 serikali ilichukua majengo yaliyokuwa ya kutenga wagonjwa wa ndui nje ya mji wa Nairobi, ikayafanya makazi ya wendawazimu. Mwaka 1924 yalipewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Ndiyo hiyo ambayo watu wengi huiita Mathare, na jina lake limegeuka tusi kwa Wakenya, kama vile Watanzania wanavyomwambia mtu amepotewa na akili apelekwe Milembe, yaani hospitali ya Mirembe ya Dodoma. Jengo likifika hadi ya kuwa tusi, ujue watu hawaliogopi kwa sababu ya maradhi peke yake.

Ndani ya Mathari wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na chakula na vitanda vilifuata rangi hiyo hiyo. Miaka ya 1930 daktari mmoja aliyehudumu hapo, H. L. Gordon, alikuwa akipima vichwa na bongo za Waafrika ili kuthibitisha kwamba akili zao ni pungufu. Baada yake alikuja J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali hiyo tangu mwaka 1938 hadi 1950. Alipoanza alikuwa daktari wa kawaida, si bingwa wa maradhi ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo aliufananisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti juu ya Mau Mau, akalieleza dai la ardhi na uhuru kana kwamba ni tatizo la nafsi.

Nayaeleza haya kwa sababu hapo ndipo mizizi ilipo. Tiba ya akili nchini Kenya ilianza kama ulinzi: kuta, funguo na askari. Haikuanza kama huduma ya kumrudisha mtu kwa watu wake.

Mkoa uliofungwa

Sasa tutazame upande wa Garissa. Eneo lote la kaskazini waliloliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilitangazwa mwaka 1926 kuwa eneo lililofungwa. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali, na sheria ya mwaka 1934 ikaongeza nguvu za maafisa juu ya wafugaji na nyendo zao. Hospitali zilikuwa chache, shule zilikuwa chache zaidi. Mgonjwa wa akili aliyekuwa Wajir mwaka 1940 alikuwa na Mathari moja tu, ng'ambo ya kilomita 600, katika mji ambao hata mzima hakuruhusiwa kwenda atakavyo.

Ukaja uhuru. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ukaundwa mwaka 1963, makao yake Garissa. Katika miaka iliyofuata, serikali ilianza kupeleka wodi za maradhi ya akili nje ya Nairobi, katika hospitali kama za Nakuru, Nyeri, Machakos na Kakamega. Sisi wa Pwani tulipata ya Port Reitz, Mombasa, ambayo hadi leo ndiyo kimbilio la mikoa yetu. Lakini wakati huo huo Kaskazini Mashariki palikuwa pakiwaka moto. Hali ya hatari ilitangazwa huko Desemba 1963, vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na watu wakahamishwa na mifugo yao kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Vita vilikwisha, ila sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwaka 1991. Mkoa ule ulitawaliwa kwa kambi za jeshi muda mrefu kuliko ulivyohudumiwa kwa hospitali.

Fikiria basi familia ya Mandera yenye kijana aliyeanza kusikia sauti. Nairobi ni karibu kilomita elfu moja. Njiani kuna vizuizi, na kila kizuizi kinataka kipande. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipigwa msasa mmoja mmoja na kupewa kadi ya pekee ya kuthibitisha uraia. Mtu asiyetulia, anayepiga kelele ndani ya lori, angevukaje vizuizi hivyo? Na akifika Mathari, daktari hajui Kisomali, mgonjwa hajui Kiswahili wala Kiingereza, na tiba ya akili msingi wake ni mazungumzo. Familia nyingi zilipima zikaona afadhali kamba ya nyumbani kuliko ufunguo wa mbali. Si ukatili uliowafanya wafunge. Walimfunga mtoto wao asije akatumbukia mtoni, asipotee porini, asimdhuru jirani na kuleta kisasi cha koo.

Mambo yaliyovunja nyoyo

Pamoja na maradhi ambayo yangetokea popote, watu wa huko wamepitia mambo mazito. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto na vikosi vya usalama, na wakazi wakazuiliwa uwanjani pa shule ya msingi kwa siku kadhaa. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilisema idadi inaweza kukaribia elfu moja.

Novemba 2014 abiria 28 walitolewa katika basi karibu na Mandera na kuuawa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwemo wa Pwani. Waliookoka walirudi makwao na milio ya risasi vichwani. Wenyeji wa Garissa nao walibaki na yao: hofu ya magaidi upande mmoja, na upande wa pili hofu ya msako na ya vijana kutoweka.

Mjane wa Wagalla aliyekaa miaka thelathini halali usingizi, ukimwita mwendawazimu umekosea. Ana jeraha. Lakini jeraha lisilotazamwa huoza, na katika mkoa usio na wa kulitazama, wengi hulifunika kwa miraa, kwa ukimya, au kwa ukali nyumbani.

Somo la Dadaab

Kuna jambo la kustaajabisha. Kambi za Dadaab katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia. Zilikusudiwa watu 90,000, na mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Wakimbizi wenyewe walikuja na neno la ugonjwa mpya: "buufis", yaani ile hamu ya kupelekwa nchi za nje inayomjaa mtu mpaka haoni lingine. Ndugu anapopata nafasi ya kwenda Marekani naye akakosa, huacha kula, huacha kulala, wengine akili huwaruka.

Mashirika ya misaada yalipoanza kutibu maradhi ya akili kambini, hayakujenga jumba lenye kuta. Yalitumia wauguzi, maafisa wa kliniki na wakimbizi waliofundishwa kuzungumza na wagonjwa kwa Kisomali, wakapita nyumba kwa nyumba, wakatoa dawa na kufuatilia. Hapo ndipo palipodhihirika kwamba jambo hili linawezekana katika jua na vumbi lile lile lililosemwa haliwezekani.

Ng'ambo ya mpaka, Mogadishu, katikati ya miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani lilisaidia mpango wa kuondoa minyororo katika hospitali ya akili ya Habeb. Mpango ulikuwa na hatua tatu. Kwanza hospitali isiwe na minyororo. Pili, familia zisaidiwe hadi nyumba nazo zisiwe na minyororo. Tatu ni jamii nzima, maana dharau ya watu nayo ni mnyororo. Ikiwa Mogadishu ya wakati wa vita iliweza kuanza, sisi udhuru wetu ni upi?

Dawa zinafanya nini

Wengi huuliza: haya maradhi kweli yana dawa? Yana. Hadi mwanzo wa miaka ya 1950 dunia nzima haikuwa na njia kubwa zaidi ya kufungia. Mwaka 1952 huko Paris madaktari walianza kutumia dawa ya klopromazini, na kwa mara ya kwanza wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti na kupiga kelele walitulia wakaweza kuzungumza. Zikafuata nyingine, kama haloperidoli, na sindano ambayo mgonjwa hudungwa mara moja kila baada ya wiki kadhaa. Nyingi za dawa hizi ni za zamani, bei yake si kubwa, na haziko katika hospitali kuu peke yake kwa sababu ya ugumu wowote wa kitabibu. Muuguzi wa zahanati aliyefundishwa anaweza kuzitoa. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida wasio mabingwa kufanya kazi hiyo.

Sindano hiyo ina maana kubwa kwa mfugaji. Vidonge vya kila siku ni vigumu kwa mtu anayehama na ngamia. Sindano ya mara moja kwa mwezi inaweza kupangwa na siku ya mnada au siku ya kuteka maji. Hapana budi kusema pia kwamba dawa hizi zina taabu zake: mate kumtoka mtu, mwili kukakamaa, mikono kutetemeka, usingizi mwingi. Mgonjwa akiyaona hayo huacha dawa, na baada ya miezi maradhi hurudi, watu wakasema, "Tulisema ni jini." Lililotakiwa lilikuwa kurudi kwa daktari apunguze kipimo au abadilishe dawa.

Na tusisahau kifafa. Si wazimu wala si laana, ni hitilafu katika ubongo, nayo ina vidonge vya bei nafuu vinavyowaondolea wengi degedege zao kabisa. Wapo watoto waliofungwa ndani na kuitwa wenye pepo miaka mingi, kumbe ni kifafa tu.

Sheria imeshaandikwa

Kwa miaka mingi hali ya Kenya nzima ilikuwa mbaya. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ikasema mfumo wa afya ya akili umetelekezwa. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa siku moja. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikuta kwamba kati ya hospitali 284 za daraja la nne kwenda juu, ni 29 tu zilizokuwa na huduma za afya ya akili. Julai 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya maradhi ya akili katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo.

Juni 2022 Rais alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atege sikio. Sheria hiyo sasa inazitaka serikali za kaunti zitoe huduma ya afya ya akili ndani ya kaunti, ziiwekee fedha, na ziunde baraza la afya ya akili la kaunti. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa, kuelezwa maradhi yake, na kutobaguliwa. Januari 2025 Mahakama Kuu nayo ilitangaza kwamba kifungu cha kumshitaki mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya hapo, mtu aliyeokolewa katika hali hiyo alitolewa kitandani akapelekwa mahakamani.

Kwa hivyo leo mkazi wa Garissa, Tana River au Lamu haulizi tena Nairobi peke yake. Anayo haki ya kumuuliza gavana wake na mwakilishi wake wa wadi: baraza lipo? Bajeti yake iko wapi? Dawa za akili zipo zahanati gani? Hospitali ya Rufaa ya Garissa hutumiwa na watu wengi wa Tana River pia, kwa hivyo swali hili ni letu sote.

Tusijenge gofu jipya

Kuna hatari moja. Wanasiasa wetu wanapenda jengo, kwa sababu jengo hufunguliwa kwa utepe. Ninahofia siku moja mtu atatuahidi "Mathari ya Kaskazini Mashariki", ukuta mrefu nje ya mji, nasi tupige makofi.

Tuangalie waliotutangulia. Mwaka 1955 hospitali za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya laki tano na nusu. Uingereza na Wales zilikuwa na karibu laki moja na nusu. Dawa zilipopatikana na gharama za majumba zikawachosha, walianza kuyafunga, na ndipo yakawa magofu niliyoyataja mwanzo. Kufunga kulikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwamba, hasa Marekani, kliniki za mitaani zilizoahidiwa hazikujengwa za kutosha, na wengi wa waliotolewa waliishia barabarani au jela. Jengo lilifungwa, mtu akaachwa.

Waliofanya vizuri zaidi walianza na kliniki za mitaa. Trieste, Italia, ndiko ilikoanzia sheria ya mwaka 1978 ya kufunga hospitali za wendawazimu, na mji huo ulitanguliza vituo vya mitaa vinavyofunguliwa usiku na mchana. Karibu zaidi nasi, mwaka 1954 Dkt. Adeoye Lambo wa Nigeria alianzisha mpango wa Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa walikaa katika vijiji vilivyozunguka hospitali, pamoja na jamaa zao, wakatibiwa mchana na kurudi kulala katika nyumba za watu. Alikubali hata waganga wa kienyeji wafanye kazi pamoja naye.

Huo ndio mfano unaotufaa. Garissa inahitaji vitanda vichache kwa mgonjwa aliyezidiwa, katika hospitali ile ile wanakolazwa wagonjwa wengine, na mahali pa ndugu yake kukaa naye. Baada ya hapo inahitaji muuguzi mmoja aliyefundishwa katika kila kituo cha afya, dawa zisizokatika, na wahudumu wa afya ya jamii, wale takriban laki moja waliozinduliwa nchini Septemba 2023, wawajue wagonjwa wa vijiji vyao kwa majina.

Na masheikh? Wao ndio wanaofikiwa kwanza, hapa Mombasa na kule Garissa. Kusoma Qur'ani juu ya mgonjwa ni jambo jema, na hakuna daktari mwenye busara atakayekataza. Ila sheikh anayemwambia mgonjwa aache sindano, anayempiga ili jini litoke, au anayemfunga na kutoza ada kwa mwezi, huyo anadhulumu. Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba kuhifadhi akili ni moja ya makusudio matano ya sheria, na kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Asiye na akili timamu ameondolewa hesabu ya makosa mbele ya Mola wake. Vipi sisi tumwekee adhabu ya mnyororo?

Kwa mwenye mgonjwa nyumbani, haya machache. Mtu aliyebadilika, halali, hali, anajitenga, anazungumza peke yake au anasema watu wanamfuata, mpeleke hospitali mapema, usingoje mwaka. Aliyezama katika huzuni isiyoondoka kwa wiki nyingi, au anayetamka kwamba hataki kuishi, asiachwe peke yake, na asikemewe kwamba imani yake ni ndogo. Akianza dawa, mpe muda, na usimkatishe bila daktari. Na kama tayari umemfunga, usione haya kulisema kwa muuguzi. Hukufanya kwa chuki, na kuficha ndiko kunakomchelewesha kupona.

Garissa haikupata jumba la wendawazimu, na hilo si pengo la kusikitikia. Pengo ni miaka zaidi ya mia moja ambayo hapakuja kitu kingine badala yake. Sheria ipo, dawa zipo, na wa kuzitoa wanaweza kufundishwa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awatie hofu wenye kushika bajeti. Amin.